Jiwe la Berlin, kigoda cha Kumsenga

Ijumaa, Aprili 2014. Kasulu. Mvua.

Imeanza kunyesha kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa, alasiri, haijaonyesha dalili ya kuchoka. Shule imefungwa kwa likizo ya Pasaka, uwanja wa mpira umekuwa bwawa na vyura wamehamia golini. Umeme upo, jambo ambalo kwa Kasulu ni la kushukuru, kwa hiyo sina kisingizio cha kutoandika.

Nina hali mbaya. Nalisema hilo mapema nisije nikaanza kuzunguka.

Wachache mnaosoma blogu hii mnakumbuka ahadi yangu. Kabla sijasafiri niliandika hapa kwamba nikirudi nitawapa mwongozo wa mji wa Berlin kwa mtu anayefika mara ya kwanza: aende wapi, aone nini, asifanye nini. Mmeniuliza sana tangu hapo. Mmoja wenu ameandika, "Mwalimu vipi, umezamia?" Sijazamia. Nilirudi siku ile ile niliyosema nitarudi.

Nilikuta baba ameshazikwa.

Leo nimekaa nitimize ahadi, maana kesho asubuhi nakwenda Kumsenga, kwetu, kumaliza matanga. Baada ya kesho sidhani kama nitakuwa na hamu ya kuandika habari za majengo.

Tuanze na treni. Unanunua tiketi kwenye mashine, unaigonga muhuri mwenyewe kwenye kisanduku kilichopo stesheni, unapanda. Hakuna wa kukuuliza. Unaweza kumaliza siku nyingi ukadhani nchi nzima inakuamini, halafu kijana aliyevaa kama anakwenda disko anasimama katikati ya behewa na kutoa kitambulisho. Huyo ndiye mkaguzi. Kwa hiyo gonga muhuri. Usitembee kwenye njia ya baiskeli. Nilitukanwa na bibi mmoja wa rika la mama yangu kwa lugha nisiyoijua, na nilielewa yote. Taa ya waendao kwa miguu ikiwa nyekundu, simama hata kama hakuna gari. Mara ya kwanza nilipowaona wamesimama kwenye baridi wakiangalia barabara tupu, nilidhani wanasubiri msafara wa Rais. Ukipotea, inua macho utafute mnara wa televisheni. Unaonekana karibu kila mahali.

Nilikuwa na furaha. Hilo lazima niliseme, kwa sababu sasa ndilo linaloniuma.

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu wa historia. Kwa miaka mingi nimewaandikia ubaoni Kidato cha Tatu jinsi mataifa ya Ulaya yalivyokaa Berlin kuigawana Afrika, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kupanda ndege. Shule yetu ina urafiki na shule moja ya huko. Mwaka huu walimwalika mwalimu mmoja kwa wiki mbili za mwezi wa tatu, bahati ikaniangukia mimi. Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwembamba mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa. Nitamwita Mama Ulla. Tuliongea Kiingereza, chake kizuri kuliko changu.

Nilimwomba anipeleke kwanza kwenye nyumba ulikofanyika ule mkutano. Nyumba haipo. Kuna mtaa wa fleti za kawaida, baiskeli zimefungwa kwenye nguzo, na ubao wa maelezo kando ya njia. Niliusoma wote nimesimama. Mtu akapita na mbwa wake. Ziara ikawa imeisha. Ukienda usitegemee jumba, nenda ukasome ubao.

Mjusi wetu wa Lindi, yule wa kale mliyemsoma vitabuni, mtamkuta kwenye makumbusho ya viumbe. Ni mkubwa kweli. Mifupa ya shingo imepanda mpaka karibu na paa na kichwa kiko huko juu, unamtazama mpaka shingo yako inauma. Kuingia ni kwa tiketi, kwa hiyo nililipa kiingilio kumwona ndugu yangu. Mama Ulla aliniuliza najisikiaje. Nikamwambia njaa, kwa sababu sikutaka kuanza.

Sasa nije kwa baba.

Nyumbani kwetu Kumsenga, kulia mwa mlango ukiingia, kuna kigoda cha miguu mitatu ambacho hakikaliwi. Mgeni akitaka kukikalia anaambiwa kwa upole asogee. Ni kigoda cha Bukuru.

Bukuru ni babu yake baba. Wakati wa vita vile vya kwanza alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo, hakurudi tena. Wazee wa ukoo walimwendea mkewe wakamwambia maneno ambayo kwetu huambiwa mtu mwenye msiba wa mbali: yuko njiani. Walitaka moyo wake uzoee polepole. Haukuzoea. Wengine waliopotelewa na watu wao walikata shina la mgomba, wakalizika badala ya mwili, wakalia wakamaliza. Yeye alikataa katakata. Alisema mtu aliye njiani hazikwi. Akaweka kigoda mlangoni ili mumewe akifika apumzike kwanza kabla ya kuulizwa habari za safari.

Alikufa akisubiri. Mwanawe akarithi kusubiri, na baba akarithi kwa mwanawe. Kila jioni chakula kilipoiva, baba alikigusa kile kigoda kwa kiganja ndipo akanawa mikono. Nimekua nikiona hivyo wala sikuona ajabu yoyote, mpaka nilipooa mwanamke wa Songea akaniuliza. Kwenye koo nyingine mrithi hukalishwa kwenye kigoda cha ukoo. Baba, aliporithi, alikalishwa kwenye jamvi, kwa sababu kigoda kilikuwa na mwenyewe.

Ukoo wetu unaamini kwamba Bukuru alipendwa na Mjerumani wake, akaenda naye Ulaya. Mimi nimesoma habari za wapagazi na nimezifundisha. Najua mtu kama yule alikufia popote: kando ya njia, kwa kuhara au kwa njaa, mzigo wake ukapewa mwingine na msafara ukaendelea. Sikuwahi kumwambia baba. Ilikuwa rahisi kuwaambia wanafunzi arobaini kuliko kumwambia yeye.

Nilipokwenda kuaga, alikuwa ametoka hospitali ya Kabanga siku chache tu, miguu imevimba, presha inapanda na kushuka. Nikamwambia nisiende. Alikasirika sana. Alinishika mkono, akasema kwa Kiha, nami naweka kwa Kiswahili: "Nenda. Waulize walimwacha wapi. Wakishakwambia, uje uniambie kama walivyosema wao."

Kama walivyosema wao. Ndivyo alivyosema baba.

Niliuliza. Kwa hilo sijilaumu. Nilimsimulia Mama Ulla habari ya Bukuru, akaichukua kama kazi aliyopewa na serikali. Alipiga simu huku na huku, akamwendea rafiki yake anayejua mambo ya vita. Asubuhi moja alinikalisha jikoni kwake, akanimiminia kahawa, na kabla sijaigusa akaniambia kwamba wapagazi wengi hawakuandikwa hata majina, kwamba Bukuru hajulikani alikofia, na kwamba hakuna mahali pa kuendelea kuuliza. Akasema anasikitika. Nilishangaa jinsi alivyolitoa lote kwa mkupuo. Kwetu ningekula kwanza.

Mji ule wenyewe hauogopi kusema nani alikufa. Ukifika, mara moja moja angalia chini. Kwenye njia za miguu, mbele ya milango ya nyumba, wamepachika vijiwe vidogo vya shaba. Kila kimoja kina jina la mtu aliyekuwa akiishi nyumba ile, akachukuliwa na watawala wa wakati wa vita vya pili: alizaliwa mwaka gani, alipelekwa wapi, alifia wapi. Mama Ulla na haraka zake zote, akifika kwenye kijiwe alipunguza mwendo. Niliinamia kimoja nikasoma, nikakumbuka kigoda chetu. Nao wameweka alama mlangoni. Tofauti ni kwamba yao inasema mtu amekufa, yetu inasema yuko njiani.

Ningebaki na wazo hilo, leo nisingekuwa na la kuandika.

Siku hiyo hiyo tulikatiza kwenye makaburi ya zamani upande wa kusini wa mji. Miti haikuwa na jani hata moja. Kulikuwa na jiwe moja limeinama, limeota ukungu wa kijani, maandishi yote yamelika. Nikalipiga picha. Nataka kuamini kwamba wakati ule sikuwa na nia yoyote.

Mchana tukafika Lango la Brandenburg. Hili usilikose, na ni bure. Nguzo nene zimepangwa, juu kuna sanamu ya gari la kukokotwa na farasi wanne, chini kuna watalii wa kila rangi. Karibu yake, barabarani, kuna mstari wa mawe unaoonyesha ule ukuta maarufu ulipopita. Nilisimama mguu mmoja huku na mwingine kule, nikacheka peke yangu. Mtoto wa Kumsenga aliyekua akivuka kwenda kwa wajomba Burundi bila kujua mpaka uko kwenye mgomba gani, leo anapigwa picha kwenye mpaka uliokwisha. Jua lilikuwa limetoka kidogo. Nikatamani kumsikia baba.

Nilikuwa na laini ya kule. Simu ya baba iliita mpaka ikakata, nikapiga ya Meshaki, mdogo wangu, anayeishi naye. Kumsenga kwetu mtandao unakamata vizuri sehemu moja tu, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya migomba. Akapokea anahema.

Nyuma yake kwaya ilikuwa inaimba. Wimbo wa Kiha, wanawake juu, wanaume wakiingia taratibu kwa chini. Nikamuuliza kuna nini. Akasema kwaya inajiandaa na Pasaka. Nikamuuliza baba. Akasema, "Yuko ndani, amepumzika. Hali si mbaya, kaka." Nikamwambia hebu asogeze simu nisikie. Nikasikia upepo, akawa amenyoosha mkono. Nilisikiliza mpaka ubeti ukaisha. Nikampa na Mama Ulla, akasikiliza akiwa amefumba macho, akasema wanaimba vizuri.

Moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Nilitaka na baba apate furaha kama ile niliyokuwa nayo. Nikasema, "Meshaki, mwambie mzee nimeliona kaburi la Bukuru. Lipo hapa Berlin. Lina jiwe. Nimelipiga picha." Kisha nikaongeza kwamba wanalitunza, kwamba juu yake kuna miti. Hakuna aliyeniomba miti.

"Nitamwambia," akasema. Sauti yake ilikuwa inakatikakatika, nikadhani ni mtandao.

Kwetu ilikuwa saa kumi jioni, saa ya mazishi. Baba alikuwa ndani ya jeneza, kaburi limeshachimbwa chini ya kile kichuguu, na mimi niliwasikiliza wanaomwimbia nikawasifu.

Nilizunguka Berlin siku nilizobaki nazo. Nilipanda kwenye kuba la kioo la bunge lao, nikala soseji barabarani baada ya kuhakikishiwa kuwa ni ya ng'ombe, maana nimezoea kula na majirani Waislamu. Nikamnunulia baba sweta zito la kijivu. Kila nilipopiga simu, mzee alikuwa amepumzika.

Siku niliyofika nyumbani hapa Kasulu, nilikuta sebuleni kwangu baba mdogo aliyetoka Kumsenga, mchungaji, na Meshaki. Nilifurahi. Nilidhani wamekuja kunipokea. Nikafungua begi hapo hapo, nikalitandika lile sweta kwenye mgongo wa kiti waone. Wote wakaangalia sakafu. Baba mdogo akasema, "Kula kwanza, mwanangu."

Mtu wa kwetu akiambiwa hivyo na wazee waliokaa namna ile, ameshaambiwa. Haambiwi mtu habari mbaya akiwa na njaa, asije akaanguka. Mimi mwenyewe, shuleni, nimewaita wanafunzi ofisini, nikawapeleka kwanza jikoni kwa mpishi. Kwa hiyo nilijua. Nikanawa mikono, nikala ugali wa muhogo na samaki mbele ya watu watatu wasiokula, nikijua kila tonge linanisogeza kwenye msiba. Nilipomaliza wakaniambia.

Sijawahi kula chakula kirefu namna ile.

Tangu siku hiyo sikuongea na Meshaki. Si baba mdogo, ambaye ndiye aliyeamua kwamba mtu aliye ughaibuni asiambiwe. Hasira yangu yote niliipeleka kwa aliyeshika simu. Niliwaza: alininyooshea kwaya. Alisimama pale akanifanya mjinga mbele ya lango la Wajerumani. Niliwaambia wazee sitakaa naye jamvi moja kesho. Nilimaanisha.

Jumanne wiki hii alikuja. Alitembea kwenye tope kutoka stendi, viatu mkononi. Mke wangu akamkaribisha, mimi nikabaki nasahihisha mitihani. Akakaa kwenye kiti cha pembeni, akaanza kuongea nami nikiwa nimempa mgongo.

"Kaka, nisingepokea ungepata wasiwasi. Nikipokea lazima niseme kitu. Ungefanya nini kule? Ungepanda ndege ukute udongo umekauka?"

Nikavuta mtihani mwingine.

"Lakini ule ujumbe wako niliufikisha," akasema. "Ulisema nimwambie mzee. Nikashuka kwenye kichuguu, nikawaambia wasubiri wasishushe kamba. Nikapiga magoti nikamwambia: Baba, kaka ameliona kaburi la Bukuru. Lina jiwe. Wanalitunza. Ndipo wakashusha."

Kalamu ilinitoka mkononi. Yeye hakuona, aliendelea. Akanieleza kwamba watu walisikia. Kwamba Shangazi Debora, dada yake baba, wa mwisho aliyebaki katika kizazi kile, alinyanyuka pale kwenye kanga za waombolezaji, akaingia ndani, akatoka na kile kigoda. Akakipangusa kwa kanga yake, akakiweka juani katikati ya ua, akasema, "Bukuru amefika. Sasa kikaliwe." Na watu wakapiga makofi, yale makofi ya polepole ya Waha, ya kumpokea mtu aliyetoka safari.

Walimpigia makofi, na ile safari niliitunga mimi.

Kesho, mimi mtoto wa kwanza, nitakalishwa kwenye kigoda hicho. Wa kwanza kukikalia tangu Bukuru aondoke. Shangazi amenitumia salamu kupitia Meshaki: "Mwambie aje na ile picha, mwana wanje. Nataka kuiona kabla macho hayajazima." Mwana wanje kwetu ni mwanangu. Ametaka iwekwe kwenye fremu na kutundikwa ukutani, karibu na mlango, pale kigoda kilipokuwa.

Nimekaa na jambo hili tangu Jumanne. Mke wangu, ambaye ni yeye peke yake niliyemwambia, anasema ninyamaze. Anasema bibi wa watu amepata usingizi uzeeni, unataka kumnyang'anya ili wewe ujisikie msafi? Ana hoja, na kwa siku mbili niliishika hoja yake kwa mikono yote. Niliitoa hata picha kwenye simu nikaitazama, nikijaribu kuona kama jiwe lile lingeweza kuwa la Bukuru. Nilifika mahali pa kukuza maandishi yaliyolika, nikitafuta herufi ya B.

Hapo nikaogopa. Mtu mzima, mwalimu, natafuta jina la Bukuru kwenye kaburi la Mjerumani.

Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Wangu uongo umetoka Berlin, ukapita masikioni mwa maiti, ukaingia ndani kwetu ukabeba kigoda, na kesho unataka kutundikwa ukutani. Ule wa Meshaki angalau ulikuwa na mwisho. Waliupanga tangu mwanzo ufe siku nitakayofika, nikishakula. Wangu sikuupangia siku ya kufa. Nikiuacha, wanangu wataukuta, na wataugusa kwa kiganja kila jioni kabla ya kula.

Na baba aliniambia nimletee maneno kama walivyosema wao. Hili ndilo silivuki. Aliishi miaka yote ndani ya uongo mmoja wa huruma, akachoka, akaniomba ukweli, mimi nikamzika na uongo mwingine. Nampenda baba yangu. Namlilia sasa hivi ninavyoandika, na sijui kama namlilia kufa au kudanganywa.

Kwa hiyo kesho sitakaa. Kabla hawajanikalisha nitasimama mbele ya Shangazi Debora na ukoo wote niseme alichoniambia Mama Ulla jikoni kwake, maneno yale yale: hakuandikwa jina, hajulikani alikofia. Halafu nitaomba tukate shina la mgomba na kumzika Bukuru kando ya baba, jambo ambalo lilitakiwa lifanyike kabla baba hajazaliwa. Wanaweza kukubali. Wanaweza pia kukataa, kigoda kikarudi mlangoni kikiwa kitupu, nami nikakalishwa kwenye jamvi, au nisikalishwe popote. Shangazi anaweza kufa akiwa amenikasirikia. Naliogopa hilo kuliko yote, maana ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani.

Picha nimeifuta. Simu ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo haraka kabla sijajiuliza na mimi. Sasa sina cha kumwonyesha.

Nimekwisha kuwaandikia mwongozo, mwisho wa yote. Kwa anayekwenda Berlin mara ya kwanza, nina neno moja zaidi, ambalo hulikuti kwenye vitabu vya watalii. Piga simu nyumbani. Na ukiambiwa mzee amepumzika, omba aamshwe.

Mvua imepungua kidogo. Nimetoka barazani nikampigia Meshaki, kwa sababu yeye ndiye aliyeubeba uongo wangu hadi kaburini bila kujua, na si haki ausikie ukweli kesho pamoja na wageni. Ni mara ya kwanza kumpigia tangu nirudi. Akapokea upesi. Nilisikia mvua ya kwao nyuma yake, akawa amesimama kwenye kile kichuguu, nikajua anapatazama palipo kaburi.

Tukasalimiana vizuri. Nikamuuliza watoto, nikamuuliza barabara kama inapitika. Halafu nikamuuliza, "Umekula?"

Ni mtoto wa kwetu, anajua swali hilo linafuatwa na nini.

"Nimekula," akasema. "Sema, kaka."